Sura ya Tano: Mama Mkwe wa Hema Namba Nne

Mzamiaji aliibuka mara ya nne, akatema maji, akatikisa kichwa. Inspekta Luhende alitazama saa yake. Alikuwa amesimama kwenye mchanga ule tangu saa kumi na mbili asubuhi, soksi zimelowa, chai hajanywa, na mitumbwi tisa ya wavuvi waliojitolea ilikuwa inazunguka mbele yake bila kuleta chochote zaidi ya magugu maji. Ilikuwa Jumatatu, siku ya pili ya kumtafuta Bi Kashindye, mama wa miaka sitini na nane, mgonjwa wa kisukari, aliyekuja kupiga kambi na familia yake akapotea hatua mbili kutoka kwenye hema la mkwe wake.

Kupiga kambi! Hilo nalo Luhende lilikuwa halijamwingia akilini. Watu wana nyumba nzuri Buzuruga, wana vitanda na vyandarua, halafu wanapakia masufuria kwenye gari na kuja kulala chini karibu na Kigongo ili wasikilize vyura. Lakini ndiyo mambo ya siku hizi, na tangu daraja la kuvuka ziwa lifunguliwe Kambi ya Familia Mawe Pacha ilijaa kila mwisho wa wiki. Ilikuwa na ziwa mbele, msitu mdogo nyuma, kijito ubavuni, mahema kumi na mawili yaliyoshonwa Mkuyuni, na hema moja kubwa ambamo watoto wote walilala pamoja na walezi wao. Ubao wa langoni uliandikwa: HAPA NI NYUMBANI.

"Afande, tuhamie kwenye matete?" aliuliza Konstebo Hellen, msaidizi wake.

"Kuna nini kwenye matete?"

"Hatujaangalia."

"Basi kaangalieni. Tutafanya nini kingine?"

Aliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akalisoma daftari lake kwa mara ya kumi. Familia ilifika Ijumaa alasiri: Mayala, fundi wa majokofu; mkewe Winnie, muuguzi; watoto wao wawili; na Bi Kashindye, mama yake Winnie, aliyeletwa kutoka kwake Ngudu ili apumzike. Jumamosi saa kumi alasiri Winnie aliitwa kazini mjini kushika zamu ya mwenzake. Jioni hiyo bibi aliomba chakula aletewe hemani, na sahani ikarudi tupu. Jumapili saa moja asubuhi Mayala alimsalimia, akaitikiwa. Saa sita mchana Winnie alirudi, akafungua zipu ya hema, akakuta godoro tupu. Kandambili za mama yake zilikuwa mlangoni, zimepangwa vizuri. Saa tisa wavuvi wakaokota kanga yake ikielea, karibu na pale kijito kinapoingia ziwani.

Basi Luhende akaandika kile ambacho kila mtu alishakiandika kichwani: bibi alitoka asubuhi, peku, kwenda kuoga, ziwa likamchukua. Tatizo ni kwamba ziwa lilikataa kukiri. Pale ufukweni maji yalikuwa ya kiunoni kwa hatua arobaini nzima. Mtu mzima akizama kwenye maji ya namna hiyo anaonekana siku hiyo hiyo, na wazamiaji walishamwambia hivyo mara mbili, kwa adabu, jambo lililozidi kumuudhi.

Aftab, mwenye kambi, alikuja akikanyaga mchanga kwa uangalifu ili asiharibu viatu. Alikuwa mtu wa makamo, suruali imenyooshwa pasi hata siku kama ile.

"Inspekta, naomba mitumbwi isogee kidogo tu upande ule. Wageni wengine wana watoto, wanaogopa."

"Wageni wako wana bahati," alisema Luhende. "Wanaogopa tu."

Aftab alipangusa mchanga kwenye kiatu. Nyuma yake alisimama Winnie, bado amevaa sare za kazini za juzi, macho mekundu.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Umelala?"

"Hapana. Afande, nataka nikwambie kitu halafu unieleze ukweli. Kama mama yuko hai mahali, amekosa sindano ya jana jioni na ya leo asubuhi. Akikosa na ya leo jioni, hata ukimleta mwenyewe mpaka mlango wa wodi, mimi siahidi kitu. Je, unamtafuta mtu au unatafuta mwili?"

Swali lile lilimchoma. Jibu la kweli ni kwamba tangu jana alikuwa anatafuta mwili.

"Twende hemani," alisema. "Tunaanza upya."

Hema namba nne lilikuwa dogo, la rangi ya majani makavu. Lilibanana na hema namba tano, la Mayala na Winnie, kiasi kwamba kamba zake zilipishana na za jirani na ukipita katikati lazima uinue miguu. Luhende alipiga magoti ndani na kufungua orodha ya vitu aliyoiandika jana. Godoro moja. Blanketi mbili. Begi moja la nguo. Biblia. Boksi la barafu, na ndani yake dawa. Sindano, boksi moja.

"Sindano, boksi moja," alisoma kwa sauti. "Mjinga gani kaandika hivi?"

Hellen alitazama pembeni. Mwandiko ulikuwa wa Luhende mwenyewe.

"Winnie, ulimwachia sindano ngapi?"

"Sita. Jumamosi jioni moja, jana asubuhi moja, jana jioni moja, leo asubuhi moja. Mbili za akiba."

Luhende alizimwaga juu ya blanketi na kuzihesabu. Tano. Alizihesabu tena, akamwachia Hellen naye azihesabu. Tano.

"Zilizotumika anaziweka wapi?"

"Kwenye hii chupa ya maji. Niliiweka mpya kabla sijaondoka."

Ndani ya chupa mlikuwa na sindano moja.

"Asubuhi huwa anajichoma saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Miaka tisa hajaruka hata siku moja. Hata msibani anajichoma." Winnie alizitazama tena zile sindano. Alikuwa muuguzi, hakuhitaji kuelezwa. "Jumamosi jioni alijichoma. Jumapili asubuhi hakujichoma. Kwa hiyo saa moja, Mayala aliposema amemsalimia..."

"Hakuwemo humu," alisema Luhende.

Usiku mzima ulikuwa umempotea. Alikuwa amepiga hesabu ya mtu aliyetoka asubuhi akiwa na nguvu zake, kumbe mtu alishatoka tangu Jumamosi, na sindano alizokosa hazikuwa mbili bali tatu. Alitoka hemani akiwa amekunja uso, akamkuta Mayala amesimama kwenye mawe ya kuotea moto. Mayala alikuwa kijana mrefu wa miaka thelathini na nne, mabega mapana, na hakuwa ameketi chini tangu jana.

"Mayala. Jana asubuhi ulimwona mama?"

"Alikuwepo, afande."

"Sikuuliza kama alikuwepo. Ulimwona kwa macho yako?"

Mayala aliinamisha kichwa. "Afande, wewe si Msukuma?"

"Wa Magu."

"Sasa unaniuliza nini?"

Luhende alisikia masikio yanawaka moto. Kijana alikuwa na haki. Yeye Luhende ana miaka kumi na tisa ya ndoa, na akikutana na mama mkwe wake njiani anaingia majanini mpaka mama apite. Hajawahi kula naye meza moja. Akitaka kujua hali yake anamuuliza mke. Mkwe wa kiume kufungua zipu ya hema ambalo mama mkwe amelala ndani, ni afadhali alichome moto. Haya yote aliyajua tangu yuko mdogo, na bado aliandika "alionekana mara ya mwisho Jumapili saa moja" kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana.

"Nieleze ulivyomsalimia," alisema. "Polepole."

"Nilisimama nimelipa hema mgongo, inavyotakiwa. Nikasema mwangaluka, mama. Akaitika."

"Akaitika vipi?"

"Marahaba. Basi."

"Wewe umesalimia Kisukuma, yeye akaitika Kiswahili?"

"Ndiyo. Na mama siyo mtu wa neno moja. Atauliza watoto, mvua, ng'ombe, majirani, mpaka miguu ikuume kusimama. Jana, neno moja. Nikajua amenikasirikia."

"Na hukunieleza."

"Ningesemaje, afande? Mama mkwe wangu amenikasirikia, mbele ya wavuvi wote wale?" Mayala alijipangusa uso kwa kiganja. "Mimi naomba ruhusa nirudi kule kwenye kijito."

"Si ulienda jana jioni?"

"Nilienda. Nilipanda na njia mpaka karibu na mawe ya kuvukia, nikaita, nikaita. Ukanipigia filimbi nirudi kwenye mstari wa ziwani."

Luhende alifunua ukurasa wa jana. Ilikuwa imeandikwa pale: *Kijito, kimepitiwa, hapana.*

"Kama uliita na hakuitika, basi hayuko kule," alisema kwa ukali. "Usinipotezee muda. Ninachotaka ni mtu aliyekuitikia jana."

Alimgeukia Aftab, aliyekuwa ameacha kufikiria viatu vyake.

"Hapa kambini, mama mtu mzima asiyejua Kisukuma ni nani?"

"Kisukuma?" Aftab nusura acheke. "Afande, hapa hata mimi najua. Babu yangu aliuza majembe Ngudu miaka arobaini. Wafanyakazi wangu wote ni wa vijiji hivi hivi." Alifikiri. "Labda Mama Wilhelmina. Yeye ni Mkerewe. Anaosha vyombo na kupeleka chakula mahemani."

"Jumamosi chakula cha bibi alipeleka nani?"

"Yeye."

Luhende alishawahi kupanga magwaride mengi ya utambuzi, lakini lile lilikuwa la kwanza la aina yake. Alimsimamisha Mayala nyuma ya ukuta wa mabati wa jikoni, akamwambia ageukie msituni na afumbe mdomo. Yeye na Hellen wakazunguka mbele. Winnie akawafuata bila kuitwa.

Mama Wilhelmina alikuwa ameinama juu ya sufuria, akilisugua kwa majivu. Alikuwa mnene kidogo, umri wa kukaribiana na bibi aliyepotea. Hellen alimgusa Luhende kiwiko na kumwonyesha kwa macho: wafanyakazi wengine wote wa jikoni walivaa gambuti nyeusi za kambi. Mama Wilhelmina peke yake alikuwa na ndala, na matope yamempanda mpaka vifundoni.

"Shikamoo, mama," alisema Luhende.

"Marahaba, baba."

"Ni huyo!" sauti ya Mayala ilitoka nyuma ya mabati. "Afande, ni hiyo hiyo!"

Sufuria lilimponyoka mikononi. Mama Wilhelmina alitazama ukuta, kisha Luhende, kisha Winnie, na alipomwona Winnie akaanza kulia.

"Mimi sijaua mtu."

"Sijasema umeua. Gambuti zako ziko wapi?"

"Anazo yeye."

"Anazo wapi?"

"Sijui! Ningejua ningekuwa nalia?"

Hellen alimvutia kigoda akakaa. Luhende hakukaa. Alitaka kupiga kelele na alijizuia kwa sababu mama akiogopa zaidi hataongea, na kila dakika ilikuwa inaisogeza ile jioni aliyoitaja Winnie.

"Anza na Jumamosi."

"Jumamosi mchana aliniita. Akaniambia, mama, mimi jana sikulala. Mahema haya yamebanana. Namsikia mkwe wangu akikohoa, akigeuka, akiongea na mke wake. Alisema alikaa kitako mpaka kukakucha, kanga ameibana mdomoni, asije na yeye akasikika. Akasema, nikilala hapa tena nitakufa kwa aibu." Alijifuta pua kwa upande wa mkono. "Nikamwambia, mwambie binti yako. Akasema, mkwe wangu amenileta hapa kwa heshima, ametumia nguvu zake, sasa nimwambie heshima yake imenivua nguo?"

Winnie alijishika kifua.

"Mkabadilishana," alisema Luhende.

"Ndiyo, baba. Nyumba yangu iko ng'ambo ya kijito, dakika ishirini, mlango wa bluu. Naishi peke yangu. Nikampa gambuti zangu na kitenge changu cha kichwani, mlinzi ajue ni mimi naenda nyumbani. Mimi nilale kwake. Kandambili zake tukaziacha mlangoni ionekane yupo. Alisema alfajiri atarudi kabla watu hawajaamka. Mara mkwe huyo, anasalimia. Ningefanyaje? Nikaitikia. Alipoondoka nikachomoka nikaja kuwasha moto."

"Na sahani ya Jumamosi?" aliuliza Hellen. "Sahani ilirudi tupu."

Mama Wilhelmina aliinama mpaka kidevu kikagusa kifua. "Nilikula mimi. Ugali na sato. Yeye alisema atakula kwangu, nilimwachia viazi kwenye chungu."

Winnie alikaa chini, pale pale kwenye majivu.

"Alijichoma," alisema. "Saa kumi na mbili alijichoma, halafu akaondoka bila kula." Alimtazama Luhende. "Afande, ukichoma ile dawa lazima ule hapo hapo. Usipokula sukari inashuka, unaona kizunguzungu, miguu inalegea, unaanguka kama mlevi. Alikuwa na dakika ishirini za kutembea, na giza linaingia."

Luhende alimgeukia mama wa jikoni. "Ulienda kwako kuangalia?"

"Jana mchana. Kitanda hakijaguswa. Viazi vile vile."

"Na ukanyamaza. Umeniona nimesimama ziwani tangu jana, watu wanazama na kuibuka, na ukanyamaza!"

"Nilijiambia amepanda gari amerudi kwao. Na nilimwapia, baba. Nilimwapia sitamwambia mtu kwamba amemkimbia mkwe wake."

Luhende alikuwa na mengi ya kumwambia, na mengine yangempeleka mama yule mahabusu. Lakini hasira ilimrudia mwenyewe kabla hajaitoa. Kandambili zilizopangwa vizuri mlangoni. Mtu anayekwenda kuoga ziwani anakwenda na kandambili zake mpaka ukingoni. Na kanga iliokotwa pale kijito kinapoingia ziwani, na yeye akatazama ziwa tu. Kijito ndicho kilichoileta.

"Hellen, wapigie filimbi wale wa mitumbwi, waambie wapumzike. Winnie, beba dawa zako zote. Njia ya kwenda kwa Mama Wilhelmina inapita wapi?"

Mayala alijitokeza nyuma ya mabati. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Ni ile ile niliyopanda jana," alisema.

Njia ilikuwa nyembamba, ikipanda kandokando ya kijito katikati ya miti na mawe. Luhende alitangulia, magoti yakimuuma, Hellen nyuma yake. Winnie alifuata na mkoba, na Mayala mwisho. Jua lilikuwa limeshapanda na nzi walikuwa wengi. Kijito chenyewe kilikuwa cha kudharaulika, maji ya kifundoni, yakipita juu ya kokoto bila haraka.

Kwenye mawe ya kuvukia Luhende aliinua mkono, wote wakasimama. Upande wa chini wa jiwe la pili mwani wa utelezi ulikuwa umekwanguliwa, mstari mpana wa kisigino cha gambuti. Hatua chache chini ya hapo ukingo ulikatika na kuwa kama ukuta mfupi, na matete yamesongamana chini yake. Gambuti moja nyeusi ilikuwa imelala ubavu kwenye matope.

"Mayala, baki njiani," alisema Luhende. "Jana ulifika wapi?"

"Hapa. Nilisimama hapa hapa."

Luhende alishuka kwa makalio, akishikilia mizizi. Alitenga matete, na macho mawili yakamtazama.

Bi Kashindye alikuwa amelala ubavu, mguu wa kulia umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Midomo ilikuwa imepasuka. Gauni lake lilichanika kuanzia kiunoni kwenda chini, na juu ya mapaja alikuwa amejirundikia matete na majani, kwa mpangilio, kila tete limelazwa juu ya lingine. Luhende aligeuza uso haraka.

"Hellen! Koti lako, upesi! Winnie, yupo! Yupo hai!"

Kisha akasema taratibu, kwa Kisukuma, akitazama maji: "Mama, mimi ni polisi. Tumekuja kukuchukua."

"Mkwe wangu yuko?" Sauti yake ilikuwa kama ya karatasi.

"Yuko juu, njiani."

"Asishuke."

"Hatashuka." Alijua angekuwa na amani zaidi asipouliza, lakini kazi yake ilikuwa kuuliza. "Mama, jana jioni alipita hapa akikuita."

"Nilimsikia."

Luhende aliinua macho kuutazama ukingo.

"Aliita sana. Alisimama pale juu, nikaona mpaka kivuli chake." Bibi alimeza mate ambayo hakuwa nayo. "Kanga ilishachukuliwa na maji, baba. Ningeitikia, angeshuka."

Luhende alitaka kukasirika, na kwa mara ya kwanza tangu jana hakujua amkasirikie nani. Mama huyu alilala usiku wa pili kwenye matope, mfupa umevunjika, msaada ukiwa hatua nne juu yake. Na aliyempigia msaada ule filimbi aondoke alikuwa yeye.

Hellen alifika na koti la mvua, akamfunika bibi kuanzia kiunoni mpaka miguuni. Winnie alimpiga mama yake busu la paji la uso, kisha mikono yake ikageuka kuwa ya kazini. Alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akabana meno.

"Imepanda kupita kipimo. Lakini alikuwa anakunywa maji ya hapa, ndiyo yaliyombeba." Alikuwa tayari amemwekea mama yake dripu kutoka mkobani, na sasa anavuta dawa kwenye sindano. "Tukifika hospitali kabla ya saa nane, ataishi. Afande, umenisikia? Nasema ataishi."

Aftab, aliyepigiwa simu na Hellen, ndiye aliyeleta machela. Alipanda njia ile akihema, suruali za pasi zimejaa matope mpaka magotini, amebeba begani nguzo mbili na turubai la hema namba nne. Alikuwa amelibomoa mwenyewe.

"Gari liko barabarani, linawaka," alisema. "Nani anabeba?"

Walitazamana. Aftab alikuwa ameishiwa pumzi. Winnie lazima ashike mkono wenye dripu. Ukingo ulikuwa wa kupanda, njia yenyewe ya kuteremka, na mtu mwenye mabega ya kazi ile alikuwa mmoja tu, na amesimama juu akitazama msituni.

"Mama," alisema Luhende, akiinama, "kuna nguzo ya mbele na ya nyuma. Anayebeba mbele hakuoni."

Bi Kashindye alifumba macho muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Mayala alishuka kinyumenyume. Alishuka hatua kwa hatua, akipapasa kwa visigino, na hakugeuka hata alipoteleza na kupiga goti kwenye jiwe. Alichuchumaa, akanyoosha mikono nyuma, na Hellen akamwekea ncha za nguzo viganjani. Luhende alishika upande wa nyuma, ule wa kichwani kwa bibi. Walihesabu mpaka tatu, wakainuka.

Waliteremka na njia. Mbele mgongo wa Mayala ulikuwa umelowa jasho, shingo imekaza. Walipofika mahali pa tambarare, alipunguza mwendo.

"Afande."

"Naam."

"Muulize mama kama jana alinisikia."

Bi Kashindye alifumbua macho. Alimtazama Luhende kutoka chini, akimwona kichwa chini miguu juu, akatoa mkono kwenye koti na kuziba mdomo wake mwenyewe, kumwonyesha asiseme.

Tangu jana Luhende alikuwa anawalaani watu wa kambi ile kwa adabu zao: aliyekuwepo ambaye hakuwepo, aliyeitikia ambaye siye, aliyejua akanyamaza. Alikuwa amejiapiza kwamba akitoka pale kila mmoja wao atasikia ukweli mtupu, bila sukari.

"Hakukusikia," alisema. "Alikuwa amezimia tangu Jumamosi. Amezinduka leo asubuhi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ungepiga ngoma asingesikia."

Mgongo wa mbele ulitikisika mara moja. "Asante, afande," alisema Mayala, akaongeza mwendo, na Luhende ikambidi akaze magoti yake mabovu ili wasipishane hatua. Mkono wa bibi ulirudi chini ya koti. Kesho ripoti ingedai maelezo ya jana jioni, saa kwa saa, na humo pia angeandika hivyo hivyo.